Maswali ya Wasomaji: Ghala la Siri Katika Mlima Mtakatifu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika riwaya fupi inayotokea Japani, miaka 40 baada ya miji yote kuangamia. Msichana anafuata ramani ya marehemu babu yake, inayoonyesha maghala ya chakula yaliyofichwa katika milima mitakatifu. Ghala la kwanza nimeliweka karibu na kilele cha Fuji, na ndani yake mna magunia ya mchele. Rafiki yangu aliyesoma mswada anasema jambo hilo haliaminiki. Nimekosea wapi?
Msomaji wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekuambia kweli, ingawa wazo lenyewe ni zuri na ningesikitika ukiliacha.

Tuanze na mlima. Fuji, wenye urefu wa mita 3,776, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1707, majivu yake yakafika mpaka Edo, mji unaoitwa Tokyo hivi leo. Mawe yake hunywa mvua, kwa hiyo mpandaji hapati kijito cha kuteka maji njiani, na tena huo ndio mlima ambao kila mwenye njaa angeukimbilia kwanza.

Mpeleke msichana wako Koya, mlima mtakatifu ulio mkoani Wakayama. Mtawa wa Kibuddha Kukai alikabidhiwa ardhi hiyo na Kaizari Saga mwaka 816, nayo ni uwanda ulio kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na vilele, una mahekalu zaidi ya 100, na chini ya mierezi mirefu ya Okunoin, msitu wenye kaburi la Kukai mwenyewe, kuna makaburi yanayopita 200,000. Waumini wanashikilia kwamba Kukai hakufa mwaka 835 bali yumo katika tafakuri, na mpaka leo watawa humpelekea chakula mara mbili kila siku. Mahali ambapo kupeleka chakula msituni ni ibada, hakuna atakayemshuku mtu aliyebeba chakula, na hapo ndipo siri ya babu inapoweza kukaa.

La pili ni mchele, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa lugha yetu yenyewe inatenganisha mpunga, mchele na wali. Japani ina msimu wa mvua wa Juni na Julai ambao hulowesha kila kitu. Wewe ni mtu wa pwani: fungua debe la mchele uliosahauliwa masika moja tu, utakuta punje zimeshikamana kwa utando, na ukichota, fukusi wanakutembelea kiganjani. Mpunga wenye maganda yake hustahimili zaidi, na ndiyo maana baada ya njaa kubwa ya miaka ya 1780 serikali ya Edo iliwaagiza watawala wa majimbo kuweka akiba ya nafaka. Hata hivyo, mpunga nao hauwezi kuachwa miaka 40. Lazima awepo mtu wa kutoa wa zamani na kutia mpya kila mavuno, na mtu huyo, ambaye humtaji popote katika barua yako, ndiye ninayetamani kumsoma.

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilisalimika kwa sababu palikuwa na wazee wa kuisimamia miiko yake.

Kitu kimoja unaweza kukiacha mtungini bila mlinzi: umeboshi, matunda ya mti wa ume yanayotiwa chumvi nyingi na kuanikwa juani, ambayo hudumu miongo kadhaa. Mwonyeshe msichana akifunua mtungi, aone ngozi nyekundu zilizokunjamana, na punje za chumvi zimeota juu yake.

Kuhusu ramani, badala ya alama ya shimo, babu aandike saa mbili: kumi na mbili asubuhi, na nne u nusu. Hizo ndizo saa za mlo wa Kukai. Msichana akijibanza nyuma ya mierezi alfajiri, atawaona watawa wawili wakivuka daraja na sanduku la mbao mabegani. Asiwafuate waendako, asubiri wakirudi, awafuate mpaka jikoni.