Barua kwa mwanangu: hilo benchi wanalokupa

Mwanangu Hamisi,

Voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa nakaanga bisi za mechi ya usiku nikaziunguza sufuria zima, kwahiyo hasara hiyo ni yako utanilipa.

Nimekuelewa. Kocha wenu kaondoka, goti lako limegoma, na uongozi wanataka umalizie nao msimu ukiwa kocha. Unauliza hao vijana unaolala nao chumba kimoja kambini watakusikilizaje. Halafu ukasema kingine haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, eti "mama mimi sijacheza Simba wala Yanga, nani atamsikiliza kocha ambaye hakuwa mtu uwanjani". Hapo ndo penye kidonda, hayo ya mwanzo ulikuwa unazunguka tu.

Nakujibu kwa Unai Emery, yule Mhispania aliyekuwa kocha wa Arsenal. Usicheke! Najua we ni Arsenal damu na hapa kwenye banda letu la kuonyesha mpira lile jina mlilifanya kichekesho, kila akishika maiki kusema "gud ebening" yake, ile good evening ya Kihispania, banda zima mnaitikia kama mko darasani. Mimi nilikuwa mlangoni nakata tiketi, nasikia kila kitu, na nilikuwa najisemea moyoni hawa watoto wanamcheka mtu hawajui katokea wapi.

Katokea Hondarribia, kule Wabaski wanakoishi, kaskazini mwa Hispania karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Kazaliwa 1971 kwenye ukoo wa magolikipa. Babu yake Antonio ndo alikuwa golini Real Unión ya Irun siku ligi ya Hispania inaanza, 1929, na ndo aliyefungwa goli la kwanza kabisa katika historia ya ligi hiyo. Fikiria kubeba hilo, miaka yote hiyo watu wanakukumbuka kwa goli uliloruhusu. Baba yake nae golikipa. Yeye Unai akawa kiungo wa kushoto, akalelewa Real Sociedad, timu kubwa ya kwao, na unajua alicheza mechi ngapi za ligi kuu? Tano. Goli moja. Basi, ikaishia hapo. Kuanzia 1996 ni madaraja ya chini, Toledo miaka minne, Racing Ferrol, Leganés, mechi zaidi ya 200 za daraja la pili ambazo wewe na mimi hatujawahi kuona hata moja, na mwisho Lorca, mji mdogo kusini kule Murcia, daraja la tatu.

Sasa skiliza hapa mwanangu. Msimu wa 2004/05, ana miaka 33, goti limeisha. Goti Hamisi! Katikati ya msimu kocha anaondolewa, viongozi wanamwita yeye, mchezaji mwenzao, wanamwambia shika timu. Jana alikuwa anavua viatu pembeni yao, leo anapanga nani aanze nani akae nje. Msimu uleule Lorca wakapanda daraja la pili, hawajawahi kufika huko tangu timu ianzishwe, na mechi ya kupanda ilikuwa Irun, dhidi ya Real Unión, timu ya babu yake. Mwaka uliofuata kidogo tu wapande ligi kuu, wakamaliza wa tano. Halafu akaenda Almería akawapandisha ligi kuu 2007, na msimu wao wa kwanza huko juu wakawa wa nane.

Kwahiyo hilo la "hakuwa mtu uwanjani" mimi naliona tofauti na wewe. Mtu aliyezaliwa na kipaji kikubwa anapokea mpira anageuka anapita, muulize amefanyaje, atakwambia nimepita tu. Wewe ulikuwa beki wa kushoto ambaye huna mbio, toka upo mdogo nakuona unasoma straika anaegemea mguu gani kabla hajafika, manake akifika umekwisha. Huo ndo ukocha wenyewe, umeshaufanya miaka kumi bila mshahara wake.

Na yule bwana ni mtu wa video balaa. Pale Valencia kulikuwa na winga anaitwa Joaquín, mcheshi, aliwahi kutania kwamba Emery aliwaonyesha video nyingi mpaka bisi zikamwishia. Mimi niliposoma hiyo nilicheka peke yangu, nikasema huyu angekuwa mteja wangu ningejenga ghorofa. Na inasimuliwa kwamba alikuwa anawapa wachezaji flashi zenye mechi wakaangalie nyumbani, kuna mmoja alimhisi haangalii, akampa flashi tupu. Kesho yake akamuuliza vipi umeiona, jamaa akajibu ndio kocha nimeiona. Hahaha.

Valencia hapo ilikuwa na madeni mpaka shingoni, wanauza watu wake, David Villa na David Silva wote wakaondoka 2010, na bado alimaliza wa tatu misimu mitatu mfululizo nyuma ya Barcelona na Madrid. Wakamwona hatoshi. Akaenda Moscow kwa Spartak, hata mwaka hakumaliza, wakamtimua. Sevilla wakamchukua mwanzoni mwa 2013 na hapo ndo dunia ikamjua, Europa Ligi, lile kombe la pili la Ulaya, 2014, 2015, 2016, tatu mfululizo, hilo hamna kocha mwingine kafanya. Akaitwa PSG, ile timu ya Paris. Ile mechi na Barcelona unaikumbuka manake viti vilivunjika hapa bandani, PSG wamewapiga 4-0 Paris, marudiano wanapigwa 6-1. Mtu mwingine angekimbilia kijijini. Yeye msimu wa pili akabeba ligi na makombe ya ndani ya Ufaransa, ndo akaja Arsenal yenu 2018.

Arsenal siongezi sana, mechi 22 bila kufungwa mlimwimba, fainali ya Europa kule Baku mkapigwa 4-1 na Chelsea mkamgeuka, Novemba 2019 akafukuzwa. Mlivyoshangilia siku ile!

Ila mimi nataka uangalie alikoenda baada ya pale. Hakusubiri timu kubwa impigie simu. Alienda Villarreal, mji wa watu kama elfu hamsini hivi, hata Tanga yetu hii inaumeza, timu toka 1923 haina kombe kubwa hata moja. Mwaka wa kwanza tu, nusu fainali ya Europa, anakutana na nani? Arsenal. Akawatoa. Wewe ulitoka bandani bila kuaga mama yako. Fainali na Manchester United kule Gdańsk, 1-1, matuta, wachezaji wote wa ndani wakapiga wakafunga, ikabaki golikipa kwa golikipa. Wa kwake Rulli kafunga, halafu kadaka ya De Gea. 11-10. Hapa bandani mzee mmoja aliyekuwa amebeti mkeka alizimia nikamwagia maji ya ndoo.

Aston Villa unajua nilianza kuwafungulia watu Januari 2020 kwa ajili ya Samatta, watu walijaa mpaka dirishani, na kile kichwa chake Wembley dhidi ya Manchester City sitakisahau. Samatta akaondoka watu wakapungua, mimi nikaendelea kuwaangalia sijui kwanini, mazoea. Emery kaja mwishoni mwa 2022 timu iko huku chini inaogopa kushuka, ikamaliza ya saba, msimu uliofuata ya nne, wakarudi kwenye kombe kubwa la Ulaya walilokuwa hawajacheza tangu miaka ya themanini. Bayern alikuja pale Oktoba 2024 akapigwa 1-0. Mtu yuleyule wa gud ebening.

Sasa hao wenzako wa kambini. Hilo la mpira silijui, nakuambia langu. Baba yako alipofariki nikabaki na banda, wateja wote walikuwa rafiki zake, wakajua kwa mjane wataingia bure. Wiki ya kwanza nilimdai mzee mmoja mia tano yake mbele ya watu, mzee niliyempikia chai miaka. Akanuna mwezi mzima. Akarudi, akalipa, na mpaka leo ndo ananisaidia kufunga dishi mvua ikinyesha. Kwahiyo yule unayempenda kuliko wote ndo uanze nae, kama hajafanya mazoezi mkalishe benchi mechi ya kwanza kabisa, tena mwambie mwenyewe usiku kabla, asisikie kwenye kikosi. Atakununia. Na chumba hama, hata kama ni kwenda kulala na mtunza vifaa.

Hela usikubali maneno ya mdomo, waandike. Kozi za ukocha zikitangazwa nenda, nauli ntatoa mimi. Goti nalo usilifiche ukajifanya unaonyesha mfano mazoezini, kaa pembeni na filimbi.

Kesho asubuhi nampa konda wa basi bahasha yako, kuna dawa ya kuchua ya bibi yako na flashi moja, Zuberi katia mechi zenu tatu za mwisho alizorekodi kwa simu. Ziangalie zote, halafu nipigie uniambie umeona nini dakika ya ishirini ya ile mechi ya pili.

Mama yako