PW yangu mpya ina digrii 43, nichukue weji zipi?

Mkuu, nikikuelewa vizuri: umenunua seti mpya ya fimbo za gofu za chuma kuanzia namba 5 hadi PW (pitching wedge, fimbo fupi ya mwisho ya seti), na PW yake ina lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya digrii 43. Weji zako za zamani, yaani fimbo fupi za kuurusha mpira juu karibu na shimo, ni za digrii 52 na 56. Unataka kujua kama uongeze 48 tu, au uziuze zote uanze upya. Jibu la haraka: 48 unaihitaji kwa vyovyote, 52 inafaa kubaki, na 56 itategemea soli yake (upande wa chini wa kichwa) na hali ya mifereji ya uso wake. Sababu ndizo hizi.

Anza kwa kusahau herufi. P, A, G, U, S, L ni alama za weji tu ambazo kila kiwanda hugonga kipendavyo. PW ya Titleist 620 MB ina digrii 47. PW ya Ping G430 ina 41. Hizo ni digrii sita kati ya fimbo mbili zenye jina moja, yaani zaidi ya fimbo nzima. Si udanganyifu mtupu: vichwa vipana vyenye uzito uliowekwa chini huurusha mpira juu sana, kwa hiyo wabunifu hupunguza lofti ili mpira usipae kupita kiasi. Ni kweli pia kwamba mtu akiona PW inakwenda mbali dukani, anafungua pochi. Weji yako ya 52 ilinunuliwa zama ambazo PW ilikuwa 47 au 48, ikawa hatua moja chini yake. Sasa ni hatua mbili, na shimo la digrii tisa katikati.

Kabla ya kununua chochote, peleka PW, 52 na 56 kwa fundi mwenye mashine ya kupimia lofti na lai (pembe kati ya mti wa fimbo na ardhi). Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kichwa. Kichwa kutoka kiwandani kinaweza kupishana na namba yake kwa digrii moja, na fimbo iliyopigwa kwenye ardhi ngumu au zulia la mazoezi kwa miaka huweza kujikunja zaidi. Ikiwa PW ni 44 halisi na 48 mpya ni 47 halisi, umelipia fimbo ya pengo la digrii tatu. Kupima ni dakika chache tu, na ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka.

Pengo linalofaa kati ya weji ni digrii 4 hadi 6. Anayepiga kwa kasi achukue 4, kwa sababu kwake digrii moja ina yadi nyingi zaidi. Mwenye swingi (mzungusho wa kupiga mpira) ya polepole akiweka pengo la 4 atajikuta na fimbo mbili zinazopiga umbali uleule, hivyo 5 au 6 humtosha na nafasi moja kwenye mfuko inabaki wazi. Lakini digrii ni makadirio tu. Kipimo cha kweli ni yadi za angani, yaani hadi mpira unapotua, bila kuhesabu unavyobingirika.

Hapa kuna mtego ambao jedwali la lofti halikuonyeshi. Fimbo nyingi za sasa zina uso mwembamba unaonepa, na baadhi zina tumbo tupu ndani. PW ya namna hiyo huusukuma mpira kwa kasi kuliko weji ya kawaida iliyo chuma kizima nyuma. Kwa hiyo ukitoka PW ya 43 ya seti kwenda weji maalumu ya 48, digrii ni tano tu lakini umbali unaweza kushuka kama vile ni saba. Ndiyo maana mtu ananunua kwa hesabu nzuri kabisa halafu anakuta yadi 20 hazina fimbo.

Dawa yake ni kununua weji inayofuata PW kutoka kwenye seti ileile, kama kiwanda kinaiuza. Seti nyingi zenye PW ya 43 zina weji ya pili ya 48 au 49. Ina uso uleule, shafti (mti wa fimbo) ileile na soli ileile, kwa hiyo umbali unashuka kwa hatua zinazolingana. Fimbo hii utaipiga zaidi kwa swingi kamili kutoka kwenye feawei, njia ya nyasi fupi; mara chache utaifungua uso (kuulaza zaidi) kwenye banka, yaani shimo la mchanga. Wanaodharau weji za seti wana hoja kwenye 56 na kuendelea, ambako umbo la soli lina kazi kubwa. Kwenye 48, maoni yangu ni kwamba hawana.

Sasa soli, ambako pesa nyingi hupotea. Baunsi ni pembe kati ya ukingo wa mbele wa soli na sehemu yake ya chini kabisa, fimbo ikiwa imesimama wima. Kazi yake ni kuzuia ukingo wa mbele usizame. Mchezaji gofu Gene Sarazen, anayesifiwa kwa kuipa weji ya mchanga umbo la kisasa na aliyeshinda nayo Open ya Uingereza mwaka 1932, aliongeza chuma chini na nyuma ya soli ili fimbo iteleze mchangani badala ya kuchimba. Mpaka leo kanuni ni hiyohiyo.

Kwa makadirio, digrii 4 hadi 6 ni baunsi ndogo, 7 hadi 10 ya kati, na zaidi ya 10 ni kubwa. Anayeshuka na fimbo kwa wima na kung'oa vipande vinene vya nyasi anahitaji kubwa. Anayefagia juu ya nyasi na kuacha alama hafifu atapata raha na ndogo au ya kati. Ardhi nayo ina kauli: udongo laini na mchanga mwingi unaotitia hutaka kubwa, ardhi kavu na mchanga mgumu uliojaa maji hutaka ndogo.

Ukikosea, dalili zake ni wazi. Baunsi ndogo kwa mtu anayechimba: ukingo unazama nyuma ya mpira, mkono unakwama, mpira unasogea hatua mbili. Baunsi kubwa kwenye ardhi kama sakafu: soli inaruka kabla ya kufika, ukingo unaugonga mpira tumboni, nao unavuka grini (nyasi fupi zenye shimo) nzima kwa urefu wa kiuno. Kabla hujalaumu swingi yako, tazama kama kosa linatokea kila mahali au kwenye aina moja tu ya ardhi. Likiwa la aina moja ya ardhi, shuku soli.

Halafu kuna jambo la mikono. Ukisukuma mikono mbele wakati wa kupiga chipu (pigo fupi la karibu na grini), shafti inaegemea upande wa shabaha, na kila digrii ya kuegemea inapunguza takriban digrii moja ya lofti na moja ya baunsi. Weji ya baunsi 10 ikiegemezwa digrii 8 imebaki na 2. Kwa hiyo wale waliofundishwa kuweka mikono mbele kabisa, halafu wakanunua baunsi ya 6 kwa kuwa walimwona bingwa fulani anayo, wanachimba kila siku na hawajui kwa nini. Kufungua uso kunafanya kinyume: baunsi inaongezeka.

Namba peke yake haitoshi pia. Soli pana yenye baunsi 8 inaweza kuelea mchangani kuliko soli nyembamba yenye 12. Tazama na jinsi ilivyonolewa kisiginoni na nchani. Soli iliyojaa, kama F ya Vokey (weji za Titleist), inamfaa anayepiga uso ukiwa umenyooka. Iliyopunguzwa kisiginoni, kama M, inakuruhusu kulaza uso bila ukingo wa mbele kunyanyuka juu sana. K ni pana na ya baunsi kubwa, rafiki wa banka laini. Viwanda vingine vina herufi zao. Usikariri herufi, geuza fimbo uitazame soli.

Usichukue baunsi moja kwa weji zote. Kwa 48 na 52, 8 hadi 10 inatosha. Kwa 56, 10 hadi 14, kwa kuwa ndiyo utakayoingia nayo bankani. Ukiwa na 58 au 60, ipe baunsi inayotofautiana na ile ya 56, ili siku ardhi ikiwa ngumu uwe na fimbo moja inayokaa chini na siku ya mchanga laini uwe na nyingine.

Kwa hali yako naona njia mbili. Ya kwanza ni 48, 52, 56: mapengo ya 5, 4, 4, unanunua fimbo moja tu. Ya pili ni 48, 53, 58, ambapo fundi anaikunja ile 52 iwe 53, unauza 56, unanunua 58. Mapengo yote yanakuwa 5. Njia ya pili inakupa mpira wa juu zaidi pembeni ya grini na kwenye banka zenye ukuta mrefu. Lakini 58 inataka mguso mzuri. Mpira ukikaa juu ya nyasi ndefu za rafu, ni rahisi kupita chini yake ukadondoka papo hapo. Kama bado unapata chipu safi mara moja moja, kaa na 56. Lobu, yaani weji iliyolala zaidi, ya 60 au 64 kwa mchezaji wa kawaida ni anasa, tena anasa yenye hasira.

Kukunja kuna mipaka. Digrii 1 au 2, basi. Ukiongeza lofti digrii moja, baunsi inapanda moja, ukipunguza, inashuka. Yaani 50 yenye baunsi 8 ikikunjwa iwe 48, inabaki na 6. Chuma cha kaboni kilichofuliwa hukubali. Chuma cha pua kilichomiminwa ni kigumu na kinaweza kuvunjika shingoni, kwa hiyo muulize fundi kabla hajabana.

Lai wengi hawaijali kwenye weji, wakati ndiko inakoumiza zaidi. Lofti ikiwa kubwa, fimbo ikisimama vibaya uso unaelekea pembeni. Kwenye lofti ya 60, kosa la digrii moja ya lai linaugeuza uso karibu digrii 1.7, kwa yadi 80 ni zaidi ya yadi mbili. Kwenye fimbo ya namba 5, kosa hilohilo halifiki digrii 0.5. Kama fimbo zako za chuma zilirekebishwa lai, weji zifuate.

Shafti: weji nyingi za dukani huja na chuma cha gramu 125 hadi 130. Kama fimbo zako zina chuma chepesi cha gramu 95, au grafaiti ya 65, ukihama ghafla utahisi umeshika nyundo, na mdundo wa swingi utaharibika. Kwa 48 weka shafti ileile ya seti. Kwa 56 unaweza kuongeza gramu 10 hadi 20, kwa sababu hapo ni swingi fupi na uzito husaidia kutuliza mikono. Urefu hushuka robo inchi kwa robo inchi: takriban 35.75 kwa 48, 35.5 kwa 52, 35.25 kwa 56, 35 kwa 58 na kuendelea.

Kabla hujaongeza fimbo, hesabu mfuko. Kanuni ya gofu ya 4.1b inaruhusu fimbo 14, na kwenye mchezo wa kuhesabu mapigo kuzidisha ni adhabu ya mapigo mawili kwa kila shimo ulilovunja kanuni, mwisho manne kwa raundi. Dreva, mbao ya 3, haibridi moja (fimbo ya kati ya mbao na chuma), fimbo 5 hadi PW ambazo ni sita, na pata ya kwenye grini: jumla 10. Unabaki na nafasi nne, weji tatu zinaingia na haibridi nyingine juu.

Kuhusu ile 56 ya zamani, pitisha ukucha kwenye mifereji katikati ya uso, kisha kwenye mifereji ya nchani ambako mpira haufiki. Ukihisi tofauti kubwa, imekwisha. Utaona athari kwanza kwenye nyasi mbichi: mpira unateleza juu ya uso, unatoka juu kuliko kawaida na hausimami. Weji ya mchanga huisha kabla ya 48, maana mchanga ni msasa. Usinunue vile vifaa vya kuchonga mifereji upya. Vinaweza kuifanya fimbo ivunje kanuni. Vilevile ukinunua iliyotumika, uliza mwaka wa kutengenezwa. Masharti mapya ya mifereji yalianza 2010, na fimbo za kabla ya hapo zinaweza kukataliwa kwenye mashindano yanayoyatumia.

Mwisho kabisa, kupima. Tumia mipira unayochezea, si ya uwanja wa mazoezi, kwa sababu ile ya mazoezi mara nyingi ni migumu na hairuki sawa. Piga kumi kwa kila weji kwa swingi unayoweza kuirudia, tupa miwili mibaya, chukua wastani wa ilipotua. Kisha rudia kwa swingi ya robo tatu. Ukiona weji mbili zimepishana chini ya yadi 8, au mbili zimeachana zaidi ya 18, rudi kwa fundi na namba hizo, akunje moja kwa digrii moja, upime tena. Na kama unatumia mpira wa bei ya chini wenye ganda gumu, jaribu kwanza wenye ganda laini la yurethani kabla ya kulaumu 56. Pembeni ya grini tofauti ya mpira inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya fimbo.