Anza na kifungu cha tafsiri

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, muswada wa misitu unasomwa mara ya pili wiki ijayo na sisi wapasua mbao hatujaitwa popote. Nianzie wapi?" Ujumbe huo umenitonesha kidonda, kwa hiyo nivumilieni nisimulie.

Mara ya kwanza chama chetu cha wapanda miti na wapasua mbao kiliponituma bungeni, nilikwenda na kitabu. Kurasa 40, picha za rangi, ajira, kodi, hewa ya ukaa, yote yamo. Niligawa koridoni, nikashukuriwa kwa heshima zote, na muswada ukapita bila kuguswa hata nukta. Nikalaumu siasa. Baadaye karani mmoja wa kamati alinionea huruma, akafungua kifungu cha tafsiri, yaani pale muswada unapoeleza maana ya maneno yake, akaweka kidole kwenye neno "msitu". Maana yake ilikaribiana sana na ile ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutumia katika takwimu: eneo linalozidi nusu hekta, miti inayopita mita 5, kivuli cha matawi zaidi ya asilimia 10. Kwa kuhesabu misitu ya dunia, kipimo hicho kinafaa. Kwa sheria ya vibali, kiliyafanya mashamba yetu ya misonobari kuwa sawa na msitu wa asili: uombe kibali kuvuna ulichopanda mwenyewe, uombe kingine kupunguza miti iliyosongamana. Kitabu changu hakikuwa na neno hata moja juu ya hilo. Bado inaniuma, maana walionituma walikuwa na madeni benki.

Mara ya pili nilibeba karatasi moja. Juu, kifungu kilivyo. Chini, tunavyotaka kisomeke. Kisha mistari mitatu ya sababu. Nilikwenda kamati ikiwa bado haijaandika ripoti yake, na nikawapeleka wajumbe wawili shambani. Mmoja nilimpa kipande cha gogo lililokatwa asubuhi ile, bado linatoa utomvu, ahesabu pete, kila pete mwaka mmoja. Alihesabu kimya hadi 22. Nikamwambia tangu mche ule utiwe ardhini tumepiga kura mara nne, na aliyeupanda hakujua atauvuna chini ya sheria ipi. Maneno "isipokuwa miti iliyopandwa katika shamba binafsi" yakaingia, kwa mwandiko wetu. Najivunia maneno hayo kuliko cheti chochote nilichopata.

Basi soma tafsiri. Andika kifungu mwenyewe, usimwachie mbunge mwenye miswada kumi mezani. Wahi. Na usiende kuomba usimamizi ufutwe, wala usimkingie kifua mwenzako anayepitisha magogo ya msitu wa asili kwa jina la shamba lake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inadai mahali hasa mti ulipokatwa, na inakataa mbao za ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Anayeficha atatufungia soko sote.

Kwako ndugu yangu: umechelewa, ila kamati ya bunge zima, pale wabunge wote wanapopitia muswada kifungu kwa kifungu, bado. Muulize karani mwisho wa kuwasilisha marekebisho ni lini, kisha tafuta mbunge mmoja wa kuyabeba. Ukishindwa hapo, jiandae kwa kanuni zinazotungwa chini ya sheria baada ya kupita, maana ada na vibali mara nyingi hupangwa huko. Nitumie kurasa za tafsiri usiku huu, nitazisoma.