Kura yangu ni ya The Score, na sababu iko kwa besimenti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni albamu gani ya hip hop iliyouza mamilioni ilistahili kila kopi iliyouzwa, na ni nini hasa kiliifikisha huko. Najua kwa hii Nairobi majibu mengi mtapata ni ya Tupac, na silaumu mtu, All Eyez on Me ni mzigo mzito na sura ya Tupac bado iko kwa matatu zetu mpaka leo. Lakini siku ileile hiyo albamu ilitoka, 13 Februari 1996, kuna nyingine ilitoka pia, The Score ya kundi la Fugees kutoka Marekani, na kura yangu inaenda hapo. Mimi kazi yangu ni studio, narekodi vijana huku Umoja, na kila nikifikiria venye hiyo albamu ilitengenezwa naona jibu la shida tunayopambana nayo hapa kila wiki.

Fugees walikuwa watatu, Wyclef Jean aliyezaliwa Haiti, Pras Michel ambaye wazazi wake ni Wahaiti, na Lauryn Hill wa New Jersey. Albamu yao ya kwanza, Blunted on Reality ya 1994, haikuenda mbali. Ukiisikiliza unaskia watu wanafoka tu, kila mtu anataka kusikika kuliko mwenzake. Kilichowapa pumzi ni remiksi ya Nappy Heads, wimbo wa albamu hiyo, iliyofanywa na produsa Salaam Remi, akashusha mbio akaacha sauti zikae, na wimbo ukashika. Ndio lebo yao, yaani kampuni ya kutoa muziki wao, Ruffhouse ya chini ya Columbia, ikakubali kuwapa nafasi ya pili, advansi (pesa ya mbele) ya dola 135,000 na ruhusa ya kufanya kazi venye wao wenyewe wanataka.

Sasa hapa someni polepole. Hiyo pesa hawakuipeleka kwa studio ya kifahari ya kulipia kwa saa. Walinunua vyombo, wakaviweka kwa besimenti, chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba ya mjomba wake Wyclef kule East Orange, New Jersey, wakapaita Booga Basement. Binamu yake, Jerry Duplessis tunayemjua kama Jerry Wonda, akashika besi na kusaidia kuproduzi. Wakaanza kurekodi katikati ya 1995 mpaka mwaka ukaribie kuisha, na hakuna mtu alikuwa anasimama mlangoni kuwaambia muda umeisha, wengine wanangoja.

Kama hujawahi kukaa nyuma ya kompyuta ya studio unaweza kudhani hiyo ni kitu kidogo. Wacha nikuonyeshe. Kijana anakuja na pesa ya masaa mawili, imetoka kwa dadake, ametumiwa na M-Pesa asubuhi hiyohiyo. Tunatafuta level ya maiki, tunapanga biti, muda unaenda. Anaingia buthi, vasi ya kwanza koo bado imekaza, anameza maneno, tunarudia, anaanza kulegea, mabega yanashuka, sasa sauti inatoka kifuani, na hapo ndipo nikimwangalia kupitia kioo naona macho yametoka kwa maiki yameenda kwa simu, anaangalia saa. "Brathe, hiyo imetosha, tuingie tu koras." Haijatosha, na yeye anajua, na mimi najua, lakini nyuma yake kuna mwingine ameshalipa ako pale kwa kiti na notibuku yake. Basi wimbo unatoka hivo, nusu umeiva, halafu watu mtaani wanasema vijana wa siku hizi hawana kipaji.

Na Fugees walikuwa na kipaji kilekile 1994! Ni watu walewale watatu, sauti ya Lauryn ni ileile. Kwa hivyo mtu akiniambia siri ya The Score ni Lauryn tu, namuuliza mbona albamu ya kwanza haikuuza. Kilichobadilika ni kwamba walipata muda na mahali pao wenyewe, pamoja na watu wa kuwasikiza vizuri, manake Salaam Remi alirudi tena akawafanyia Fu-Gee-La, wimbo wa hiyo The Score.

Chukua Killing Me Softly, uvae hedifoni nzuri si spika ya simu. Huo ni wimbo Roberta Flack alikuwa ameupeleka juu 1973. Mpango wao wa kwanza ulikuwa wabadilishe maneno uwe wimbo wa kukemea dawa za kulevya na umaskini, lakini walioutunga, Norman Gimbel na Charles Fox, wakakataa. Wangekuwa kwa studio ya saa nadhani wangeutupa waende kwa mwingine. Wakaurudia na maneno yake ya zamani, Lauryn akauimba karibu vile ulivyo. Mwanzoni ni sauti yake tu, amejipanga juu ya sauti yake mwenyewe mara kadhaa kama kwaya, hakuna chombo, halafu ngoma inaanguka, ngoma kavu iliyokatwa kutoka Bonita Applebum, wimbo wa kundi la A Tribe Called Quest, besi chini, na karibu ni hiyo tu. Produsa mwoga angejaza piano na vinanda kila mahali. Kuacha nafasi tupu hivo kunataka mtu aliyekaa na wimbo siku nyingi mpaka akauamini, na kwangu hiyo ndiyo mikisi bora ya miaka ya tisini yote.

Ready or Not nayo, ule mvumo wa chini unaokupandisha nywele ni wa mwimbaji Enya, kutoka wimbo wake Boadicea, na hapo walikosea kabisa, walichukua bila kuomba ruhusa. Enya karibu awapeleke kortini, wakaelewana, na kopi za albamu zikabandikwa stika ya kumtambua. Nawaambia vijana hii stori kila mara juu wananiletea biti imekatwa kutoka kwa YouTube na hawajui hata ni ya nani.

Biashara yake pia ilipangwa na mtu mwenye akili. Marekani Killing Me Softly haikuuzwa kama singo, ilichezwa redioni kila saa lakini ukiitaka ununue albamu nzima. Uingereza iliuzwa, ikapita milioni moja na kuwa singo iliyouza kuliko zote mwaka huo wa 1996. Albamu ikakaa namba moja Billboard, chati kubwa ya Marekani, kufikia 1997 ilikuwa na platinamu mara 6 huko kwao, yaani kopi milioni 6, ikachukua Grammy ya albamu bora ya rap na ikateuliwa hata kwa albamu bora ya mwaka kwa ujumla. Hapa kwetu Capital FM ilikuwa ndio imeanza mwaka huohuo wa 1996, na kaseti zilinakiliwa River Road bila hata shilingi moja kufika New Jersey, lakini hakuna mtaa haukuujua ule wimbo.

Mtu wa Tupac atanijibu kwamba Tupac alitoka jela Oktoba 1995 na kufikia Februari nyimbo 27 ziko sokoni, kwa hivyo muda si kitu. Lakini Tupac alipata studio inamngoja na maprodusa wa Death Row, lebo yake, wamekaa na mabiti tayari, angeweza kuingia usiku wa manane. Yeye pia hakuwa analipa kwa saa.

Nairobi hatujakosa watu. Kundi la Kalamashaka walitoka Dandora wakaonyesha Kiswahili cha mtaa kinabeba hip hop, albamu yao Ni Wakati ikatoka 2001, na sijaona sababu kwa nini Dandora au Kayole isitoe albamu ya kuvuka bahari. Lakini promota akipata laki mbili za kusaidia msanii, swali la kwanza ni video itashutiwa wapi, na gari ya kukodi ni ya nani. Ombi langu kwao ni hili: kodisheni bedsita moja kwa mwaka mzima, maiki moja ya maana, kompyuta, blanketi nzito ukutani, mpatie kundi ufunguo muondoke. Video tutaongea wakimaliza.