Ukigongwa na gari ukiwa kwenye baiskeli, usisaini kitu wodini

Siku ya tatu tangu nigongwe, mwenye gari alikuja wodini na mfuko wa machungwa, laki tatu kwenye bahasha na karatasi moja imeandikwa kwa mkono kwamba tumemalizana na sina madai yoyote kwake. Mguu umefungwa POP, ile plasta ngumu, mpaka gotini, dawa za maumivu zimenilegeza, na kusema kweli laki tatu kwa wakati ule niliiona ni hela. Nikashika kalamu. Mama watoto akaishika karatasi akamwambia yule bwana kwa upole tu, "kaka yangu, daktari mwenyewe hajatuambia atatembea lini, sisi tutamalizanaje?" Bwana akaondoka, machungwa akaacha.

Miezi mitano baadaye mfupa wa muundi ulikuwa haujaunga vizuri nikarudi kufanyiwa operesheni ya pili, wakaweka chuma. Ningekuwa nimesaini, ile gharama yote ingekuwa yangu. Ndo maana naandika hii, maana kila wiki naona mtu wa baiskeli amelazwa barabarani na watu wamemzunguka wanasema "yamalizeni tu hapa hapa", na yeye mwenyewe hata hajui ameumia wapi.

Ilikuwa mwezi wa saba 2021, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, nimetoka Buguruni kwenye kazi zangu za ufundi friji narudi Tabata, giza ndo linaingia, gari dogo likanipiga kwa nyuma likitaka kuchepuka foleni. Nashukuru kijana wa bodaboda alipiga picha namba ya gari na ile stika ya bima kwenye kioo kabla dereva hajasogeza gari. Zile picha mbili zimenisaidia kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Watu wengi hawaijui hii ya bima. Ile tunayoita bima ndogo, ambayo kila chombo cha moto barabarani lazima kiwe nayo kisheria, bodaboda na bajaji zikiwemo, haimlipi mwenye gari kutengeneza gari lake. Inamlipa mtu mwingine aliyeumizwa na hilo gari, yaani wewe wa baiskeli, mtembea kwa miguu, mama wa genge pembeni. Kwa hiyo usimwonee huruma dereva ukadhani ukidai unamfilisi, yule ameshalipia bima kwa ajili ya siku kama hiyo. Na ukiwa na namba ya gari unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kama bima iko hai na ni ya kampuni gani, ni dakika mbili tu kwenye simu.

Sasa karatasi. Ya kwanza ni PF3, unaipata polisi, daktari anaijaza jinsi ulivyoumia. Mimi kaka yangu ndo aliifuatilia nikiwa tayari hospitali. Toa kopi kabla hujairudisha, tena toa mbili. Halafu hakikisha trafiki wamefika eneo la tukio na wamechora ramani ya ajali, maana bila ile ramani baadaye dereva atasema wewe ndo uliingia barabarani ghafla na hakuna wa kumbishia. Ukishapata nguvu rudi kituoni uulizie ripoti yao ya ajali, wao wanaiita PF90, bima watakuomba hiyo. Mimi nilienda na magongo mara nne mpaka nikaipata, sikuchoka, na wewe usichoke.

Dereva alipelekwa mahakamani kwa kuendesha bila uangalifu na kusababisha majeruhi, akakiri, akapigwa faini. Hapa ndipo wengi wanapoishia, wanadhani kesi imeisha na haki imetendeka, wanasubiri waitwe kuchukua hela. Ile faini ni ya serikali ndugu yangu, hakuna hata shilingi inayokuja kwako! Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri na dereva, fidia yako ni madai mengine kabisa unayafungua mwenyewe. Ila nakala ya ile hukumu na hati ya mashtaka zichukue, maana mtu akishatiwa hatiani kule huku kwenye madai hawezi kugeuka tena aseme hakukosea.

Kwenye madai unaanza kwa kumwandikia mwenye gari na kampuni yake ya bima, unaambatanisha karatasi zote. Wakikubaliana na wewe, vizuri. Wasipokubaliana unaenda mahakamani na unaowashtaki ni dereva pamoja na mwenye gari, hata kama mwenye gari siku hiyo alikuwa amelala kwake, ilimradi dereva alikuwa kwenye kazi ya huyo mwenye gari. Na kampuni ya bima ikikuzungusha bila sababu, TIRA wanapokea malalamiko.

Hela unayodai iko ya aina mbili. Kuna ile uliyotoa mfukoni, dawa, vipimo, bajaji za kliniki, baiskeli yenyewe, na hii inataka uthibitisho wa kila kitu. Mama watoto alikuwa anaweka risiti zote kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, hata za panadol. Kipato nilichokosa kilitusumbua sana kwa sababu fundi hana salary slip, tukatumia daftari langu la kazi na meseji za M-Pesa za wateja za miezi sita nyuma. Aina ya pili ni ya maumivu na ulemavu, hiyo mahakama inapima yenyewe, lakini inahitaji ripoti ya daktari inayosema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, na hiyo ripoti huwezi kuipata wiki ya kwanza, ndo maana haraka ya wodini ni hatari.

Bima walijaribu kusema sikuwa na taa. Nilikuwa na riflekta nyuma na niliionyesha kwenye picha. Lakini hata kama una kosa lako, kosa lako linapunguza fidia kwa kiasi chake, halifuti madai yote, usikubali kutishwa na hilo. Taa weka lakini, tafadhali.

Kama huna hela ya wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka wilayani, na LHRC, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasaidia bure wasio na uwezo. Na kama uligongwa ukiwa kazini umeajiriwa, muulize mwajiri kuhusu WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mapema.

Yangu ilichukua mwaka na miezi kumi, tukamalizana na bima bila kufika hukumu, ikalipa madeni ya operesheni na nikanunua mashine mpya ya gesi. Muda wa kufungua madai ya hivi mahakamani ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kwa hiyo kama uligongwa mwaka jana au juzi ukaambiwa yameisha, toa kadi yako ya hospitali uangalie tarehe leo.