Muvi ilikuwaje? Mjibu mwenzako akuelewe

Muulize mtu muvi aliyoiangalia jana ilikuwaje. Atakujibu "kali", au "ya kawaida", au "usichome bando lako bure". Basi. Wewe uliyeuliza umebaki pale pale. Hujui kama ni ya ngumi au ya mapenzi, hujui kama unaweza kuiweka sebuleni watoto wakiwa macho, wala hujui kama imemgusa kweli au amejibu tu ili mhamie kwenye habari nyingine.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida. Sikusomea filamu, natazama usiku baada ya kazi na mwisho wa wiki. Wanaonizunguka nao ni hivyo hivyo: fundi cherehani, dada wa kibanda cha miamala, mdogo wangu aliyeko chuo, na shangazi ambaye tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili kwenye Azam hazimpiti. Sisi ndio tunaoambiana tuangalie nini. Mabango ya barabarani tunayapita tu. Tukikaa kuangalia filamu, mara nyingi ni kwa sababu fulani kasema. Ndiyo maana naamini maneno ya mtazamaji wa kawaida yana uzito, na inafaa tujifunze kuyasema vizuri.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na hukumu, anza na tukio. Chagua kipande kimoja kilichokukaa kichwani, ukisimulie kama ulivyokiona. Nani alikuwepo, alifanya nini, uso wake ulikuwaje, na wewe uliyekaa kwenye kochi ulifanya nini.

Kuna filamu ya Kenya ya mwaka 2012, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwanzoni tunamwona kijana wa kijijini, Mwas, anayeuza DVD za muvi za mapigano. Mwas hapotezi muda kuwaambia wateja kwamba muvi zake ni nzuri. Anaziigiza. Anakuwa steringi, mara anakuwa adui, anabadilisha sauti, anarusha mikono, na watu wanasimama kumtazama. Sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi habari ya filamu inavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Si lazima nawe uruke huku na huko kituoni; mdomo unatosha, ilimradi ubebe kitu cha kuonekana.

Sasa tazama tofauti. Ningeweza kukwambia filamu hiyo ni kali, tukaishia hapo. Au nikakwambia hivi: kijana ana ndoto ya kuwa mwigizaji, anashuka Nairobi, na kabla hata hajajua aelekee wapi wameshamkwapulia kila alichonacho. Anaishia rumande, na huko huko ndiko anakojuana na mtu atakayemwingiza kwenye genge. Siku zake zinagawanyika: huku mazoezi ya mchezo wa jukwaani, huku wizi wa vipuri vya magari. Nilimwogopea muda wote, na si kwa sababu ya bunduki. Niliogopa kwa sababu kila alipopiga hatua upande mmoja, upande wa pili ulikuwa unamzamisha.

Katika maelezo hayo sijasema hata mara moja kama filamu ni nzuri. Lakini asiyetaka habari za wezi ameshajua aachane nayo, na anayependa hadithi za vijana wanaohangaika mjini ameshajua aitafute. Nimempa kitu cha kuamulia, sikumwamulia.

Jambo linalofuata watu wengi hulisahau kabisa: sema uliiangaliaje. Ukumbini kwenye giza? Kwenye simu ndani ya daladala? Kwenye runinga huku unapakua chakula? Kwenye kibanda umiza, benchi limejaa na feni haifanyi kazi? Filamu ni ile ile, ila kilichokufikia kinatofautiana sana.

Jirani yangu mmoja aliwahi kuniambia filamu fulani ya Kikorea imepoa, hakuna kinachoendelea. Nikamuuliza ameitazama wapi. Kwenye simu, mwanga umepunguzwa ili chaji isiishe, mtoto mgongoni anasumbua. Na filamu yenyewe ni ya kunong'onezana gizani karibu nusu yake. Jumamosi moja tukaiweka kwenye runinga ya shangazi, taa zimezimwa, mtoto amelala. Alikaa mpaka mwisho. Akasema bado haipendi, ila safari hii alikuwa na neno la kusema: baba wa yule binti amesamehewa haraka mno, mtu aliyetelekeza familia miaka yote ile harudishwi mezani kwa machozi ya dakika mbili. Hayo ni maoni. Nilikuwa nimeipenda filamu ile, na maneno yake yalinifanya niutafakari upya msamaha ule.

Katika hili la kuangaliaje, kubwa kuliko yote ni tafsiri. Wengi wetu tumekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa. Tanzania jina la mtafsiri Lufufu lilikuwa linatosha kujaza kibanda; Kenya wana DJ Afro; Uganda wana ma-VJ wao, wanaosimulia muvi kwa sauti zao huku inaendelea. Mtafsiri hatamki tu kile wahusika walichosema. Anaongeza vichekesho, anawapa watu majina ya mtaani, anamzomea adui, anakueleza anachokiona yeye. Ni usanii kamili na ninaupenda kwa dhati. Wazee wengi wasiojua Kiingereza wala Kihindi waliingia kwenye dunia ya sinema kupitia mlango huo. Lakini ukimwambia mwenzako kwamba filamu fulani ya Kihindi ilikuchekesha mpaka machozi yakakutoka, ni haki yake ajue uliicheka kupitia mdomo wa mtafsiri. Vinginevyo ataitafuta ya asili, yenye maandishi chini, amkute mkulima anazungumza taratibu kuhusu deni la shamba, kichekesho hakuna hata kimoja, na atajiuliza ulikuwa unacheka nini.

Kuna na hasara nyingine isiyosemwa sana. Mtafsiri haachi ukimya upite. Mwongozaji anaweza kumwacha mama akae kitandani anatazama viatu vya mwanawe aliyefariki, asiseme neno, sisi wenyewe tuhisi. Kwenye tafsiri nafasi hiyo inajazwa: "Hapa mama anamkumbuka mtoto wake." Kwa hiyo ukiona filamu iliyotafsiriwa haikukugusa mahali ambapo wengine walilia, kabla ya kuilaumu itafute bila tafsiri, hata dakika chache tu.

Na hakikisha umeiona yote. Enzi za DVD, filamu nyingi za Bongo zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kava lake na bei yake. Mpaka leo bado nakutana na watu wanaoilaumu filamu ya enzi za mwigizaji Kanumba kwamba haina mwisho, kumbe sehemu ya pili hawakuipata.

Kwa filamu zetu wenyewe naomba nizungumze kwa uchungu kidogo. Tuna tabia mbili, na zote zinaumiza. Kuna wanaosifia kila kitu kwa sababu ni cha nyumbani, na kuna wanaoponda kila kitu bila hata kuangalia: "Bongo muvi? Sipotezi muda." Hakuna kati ya hao anayemsaidia aliyeuza kiwanja ili atengeneze filamu. Kama sauti ni mbaya, sema sauti ni mbaya, na useme wapi: pale ufukweni upepo ulivuma kwenye maiki mpaka ugomvi wote haukusikika. Kama tunaambiwa mhusika hana hata nauli, kisha anaamka asubuhi amevaa wigi jipya na kope za bandia, litaje hilo hilo. Kasoro iliyotajwa kwa jina fundi anaweza kuirekebisha kwenye kazi ijayo. Na ukikutana na mwigizaji wa nafasi ndogo, yule muuza mkaa mwenye maneno manne tu lakini ukamwamini kabisa, mtaje pia, kwa sababu huyo hakuna anayemkumbuka kwenye mabango.

Hapo hapo tenganisha "sikuipenda" na "ni mbovu". Mimi filamu za majini na mizimu siziwezi, nikiangalia silali. Siwezi kusema ni mbovu kwa sababu hiyo. Nasema tu hazinifai, na ninamwelekeza anayeuliza kwa dada wa miamala, ambaye hizo ndizo chakula chake.

Filamu iliyotokana na kitabu inataka uangalifu wa peke yake. Amil Shivji alipoitengeneza Vuta N'kuvute, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, alichukua riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita. Nyumbani kwetu iliwagawa watu. Mdogo wangu anawajua wahusika wake, anamjua Denge, anamjua Yasmin, ameandika insha juu yao. Alikaa mbele ya filamu akitafuta kila kurasa iliyoachwa, na akazipata nyingi. Shangazi hajawahi kuisoma riwaya hiyo. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, na macho yake yalikuwa kwenye kuta za Mji Mkongwe, kwenye mavazi, kwenye namna watu wanavyoitana na kujibizana. Mmoja alitoka na malalamiko, mwingine alitoka na simulizi za mama yake zilizotuweka macho mpaka usiku wa manane. Wote wawili walisema kweli, na tulielewana kwa sababu kila mmoja alieleza alikaa pale na nini kichwani. Ukiwa umesoma kitabu, tangulia kusema umekisoma. Msikilizaji ajue unalinganisha na nini.

Kuhusu kuharibiana uhondo, kanuni yangu ni nyepesi: robo ya kwanza ya filamu ni ruhusa kuisimulia, baada ya hapo naomba idhini. Wapo wanaotaka kujua mwisho kabla. Shangazi huuliza swali moja tu, "Steringi anakufa?" Ukimjibu ndiyo, haangalii. Amezika watu wengi na hataki msiba mwingine jioni yake. Kwake yeye kumficha mwisho ni kumwonea. Mdogo wangu, kinyume chake, ukimwambia hata kwamba "kuna kitu kinatokea mwishoni" umeshamharibia, kwa sababu ataanza kukitafuta kitu hicho tangu dakika ya kwanza. Kwa hiyo uliza kwanza: nikwambie au nisikwambie? Na kama mnaongelea sizoni, uliza amefika episodi ya ngapi kabla hujafungua mdomo.

Kwa wazazi, ongeza sentensi moja tu: kuna matusi, kuna damu, kuna mambo ya chumbani, au hakuna. Bodi ya Filamu inatoa madaraja ya umri, lakini muvi inayofika nyumbani kwenye flashi haina daraja lolote lililoandikwa juu yake. Sentensi yako ndiyo itakayomsaidia baba aliyekaa na mabinti zake kushika rimoti mapema.

Halafu kuna kupingana. Mtu akisema filamu uliyoipenda imemchosha, usikimbilie kuitetea. Muulize: ulianza kuchoka wapi? Swali hili limenifaa kuliko mengine yote, kwa sababu linamrudisha mtu kwenye tukio. Hawezi tena kujibu "yote tu". Lazima akumbuke.

Nilimuuliza hivyo fundi cherehani kuhusu filamu ya kizamani, ya mapenzi, iliyopambwa vizuri sana, ambayo sote wengine tuliisifia. Alifikiri kidogo, akasema alichoka kwenye harusi. Bibi harusi ni binti wa maskini, gauni tumeonyeshwa mama yake akilishona usiku kwa mkono, kwa taa ya chemli. Lakini kamera iliposogea karibu, yeye aliona mshono umenyooka wa mashine na pindo limepigwa ovaloki. "Hapo nikajua wananidanganya," alisema, "nikaanza kutafuta uongo mwingine." Tukairudisha nyuma, tukaisimamisha pale pale kwenye pindo. Ilikuwa kama alivyosema. Mdogo wangu akadai mtazamaji wa kawaida haangalii pindo. Fundi akamjibu kwamba naye ni mtazamaji wa kawaida, na mabishano yakaendelea mpaka chai ikapoa.