Waulize Mafundi: Geji inasoma 14.7, laptopu 15.2

SWALI: Nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo, inaendeshwa na kompyuta ya injini ya MegaSquirt. Nimefunga geji ya AEM X-Series na sensa yake ya oksijeni, Bosch LSU 4.9. Gari likiwa silensa geji inaonyesha uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7, laptopu iliyounganishwa na kompyuta hiyo inaonyesha 15.2. Nimebadilisha sensa, tofauti iko palepale. Niamini ipi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Amini geji. Hukuhitaji kununua sensa nyingine. Kosa liko kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Geji hiyo hutoa volti 0.5 kwa uwiano wa 8.5, na volti 4.5 kwa uwiano wa 18. Kila volti moja ni sawa na 2.375 za uwiano, na tofauti yako ni 0.5. Kwa hiyo kompyuta yako inaona kama volti 0.21 ambazo geji haikuzitoa. Zinatoka wapi? Hita ya sensa hula umeme mwingi. Waya mweusi wa geji, ambao ndio athi yake, ukifungwa kwenye chuma cha dashibodi au nyuma ya redio, umeme huo hurudi kwenye betri kupitia viungo vyenye kutu na rangi, na athi ya geji inapanda juu ya athi ya kompyuta. Usomaji unapanda nayo.

Pima kabla ya kukata chochote. Injini ikiunguruma, washa taa kubwa na feni, kisha weka ncha moja ya multimita kwenye athi ya geji na nyingine kwenye athi ya kompyuta. Ukipata zaidi ya milivolti 20, hamisha waya mweusi, uupeleke kwenye bloku ya injini, palepale athi ya kompyuta ilipofungwa, ukikwangua rangi mpaka chuma king'ae. Geji hii ina nyaya mbili za ishara. Chanya inaingia kwenye pini ya oksijeni. Hasi inaingia kwenye athi ya sensa, ile inayotumiwa na sensa ya joto la maji. Wengi huuacha waya huo wa hasi unaning'inia au huubana pamoja na mweusi. Mweusi wenyewe usiupeleke huko kamwe, maana umeme wa hita utavuruga na sensa nyingine.

Kama tofauti inabadilika sana ukikanyaga mafuta, angalia pia kama TunerStudio, programu ya laptopu ya kurekebisha MegaSquirt, imewekewa jedwali la geji yako na si la kampuni nyingine.

Usilipuuze jambo hili. Kwa usomaji wako wa sasa, kompyuta ikijirekebisha itaongeza mafuta na utakula plagi. Athi ikikosewa upande wa pili, yaani ya kompyuta ikipanda juu ya ile ya geji, itapunguza mafuta huku turbo inasukuma, na hapo pistoni zinatoboka.

SWALI: Naweza kuingiza waya wa ishara wa geji kama hiyo, wa volti 0 hadi 5, kwenye kompyuta ya kiwandani, mahali pa sensa ya zamani? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Sensa ya kawaida hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Kompyuta ikiona volti 3 itadhani mafuta yamezidi, itayapunguza mpaka taa ya injini iwake. Iache sensa hiyo, chomelea nati ya pili kwenye bomba la moshi, ya sensa ya geji. Au tumia kifaa chenye waya wa kuigiza sensa ya kawaida, kama Innovate LC-2, ambacho waya wake wa pili hutoa volti 1.1 kwa uwiano wa 14 na volti 0.1 kwa uwiano wa 15.

SWALI: Kwa nini sensa zangu zinakufa mapema? – Msomaji, Kampala

JIBU: Mara nyingi ni maji. Nati ya M18 x 1.5 ichomelewe upande wa juu wa bomba, sensa iinamie chini kwa nyuzi 10 au zaidi. Tone moja likigusa kauri yenye moto, inapasuka. Kwenye turbo, ifunge baada ya turbo, isiwe kabla yake. Usiendeshe gari sensa ikiwa bombani bila umeme, kwani masizi huiziba. Ukiondoa geji, ziba tundu kwa bolti. Gundi ya silikoni isiyo salama kwa sensa nayo huiua, hata ikipakwa mbali, kwenye gasketi ya injini.